Skuta za umeme za kukodi: swali ambalo kura ya Paris haikuuliza

Jumapili ya tarehe 2 Aprili 2023, wakazi wa Paris waliitwa kupiga kura. Hawakuwa wanachagua meya wala mbunge. Swali lilikuwa moja tu: skuta za umeme za kukodi, unazitaka au huzitaka jijini?

Asilimia 89 walisema hawazitaki. Ukisikia asilimia 89 unaweza kudhani jiji zima lilisimama kidete. Wapi! Waliojitokeza walikuwa kama watu 103,000 kati ya milioni 1.38 walioandikishwa, yaani hawakufika hata asilimia 8. Na watalii, ambao ni wateja wazuri wa skuta hizo, hawakuwa na kura. Hata hivyo halmashauri ya jiji ilikuwa imeahidi kufuata matokeo, na ikafuata. Kufikia tarehe 1 Septemba 2023, skuta karibu 15,000 za kampuni tatu zilikuwa zimeondolewa mitaani.

Nakumbuka tulivyobishana siku hizo. Mimi nilikuwa upande wa skuta. Hoja yangu ilikuwa fupi: chombo hakina moshi, hakina kelele, kinakula umeme kidogo kuliko pasi ya nguo, sasa unakifukuzaje halafu unaacha magari? Niliona watu wa Paris wamekosea kabisa.

Baadaye nikakaa chini nikasoma tafiti zenyewe. Nikakuta mambo mawili yanayogongana. Utafiti mmoja unaonyesha kwamba Paris skuta ziliongeza hewa ukaa. Mwingine unaonyesha kwamba Atlanta, Marekani, zilipunguza foleni ya magari. Chombo ni kilekile, matokeo ni tofauti. Makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini, na kwa nini jambo hili linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuziona mtaani kwetu.

Kwanza, skuta ipi?

Huku kwetu mtu akisema skuta wengi hufikiria Vespa, ile pikipiki ya kukaa na kuegemeza miguu mbele. Hapa sizungumzii hiyo. Nazungumzia ile inayofanana na ya watoto: ubao wa kusimamia, tairi mbili ndogo, mti wa usukani mbele. Tofauti ni kwamba ndani ya ubao kuna betri, na ndani ya tairi kuna mota.

Biashara ya kuzikodisha kwa staili hii ilianzia Santa Monica, California, mwaka 2017, na kampuni iitwayo Bird. Utaratibu wake ni rahisi. Unafungua programu kwenye simu, ramani inakuonyesha skuta iliyo karibu, unaskani alama ya QR, kufuli linafunguka, unaondoka. Ukifika unaiacha hapohapo. Hakuna kituo, hakuna mhudumu, hakuna kurudisha ulikochukua. Ndani yake kuna GPS na laini ya simu, ndiyo maana kampuni inajua iko wapi, na inaweza hata kuipunguzia kasi au kuizima kutoka mbali. Kumbuka hilo la kuizima kutoka mbali, tutalirudia.

Paris zilifika mwaka 2018. Ndani ya mwaka mmoja kampuni zilikuwa kama kumi na mbili.

Inakula umeme kiasi gani?

Kidogo sana. Tuchukue skuta maarufu ya Xiaomi aina ya M365, ambayo Bird walianza nayo. Ina uzito wa kilo 12.5, mota ya wati 250, na betri ya wati-saa 280. Kwa lugha ya LUKU, hiyo ni kama robo ya uniti na kidogo juu. Mtengenezaji anasema betri ikijaa inakwenda kilomita 30. Watengenezaji tunawajua, wanapima kwenye njia tambarare na mtu mwepesi. Tuseme inakwenda 20. Bado ni wati-saa 14 kwa kilomita.

Sasa linganisha na bodaboda ya petroli. Lita moja ya petroli ina nishati ya takribani uniti 9. Pikipiki nzuri inakwenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita, basi tuseme 45. Gawanya: wati-saa 200 kwa kilomita. Skuta inatumia chini ya moja ya kumi ya hapo.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uzito: pikipiki ina zaidi ya kilo 100, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya injini ni kujibeba yenyewe. Ya pili ni joto. Sehemu kubwa ya nishati ya petroli haifiki kwenye tairi, inatoka kwenye ekzosi na kwenye injini kama joto. Mota ya umeme haina upotevu mkubwa namna hiyo.

Mpaka hapa mimi wa mwaka 2023 nilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba niliishia hapa.

Deni ambalo skuta huzaliwa nalo

Kabla skuta haijatembea hata mita moja, tayari imeshachafua. Alumini ya fremu imeyeyushwa mahali kwa nishati nyingi. Madini ya betri yamechimbwa, yamesafishwa, yamesafirishwa. Kila skuta inazaliwa na deni la kaboni, na njia ya kulilipa ni moja tu: kuligawa kwenye kilomita nyingi.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu. Tuseme kutengeneza skuta moja kulitoa kilo 200 za hewa ukaa. Ikitembea kilomita 10,000 katika maisha yake, kila kilomita inabeba gramu 20 za deni. Ikifa baada ya kilomita 500, kila kilomita inabeba gramu 400. Umeme uliochajiwa ni uleule na barabara ni ileile. Kilichobadilika ni umri tu.

Sasa skuta za mwanzo ziliishi muda gani? Mwaka 2019 tovuti ya habari ya Quartz ilichambua takwimu zilizotolewa na jiji la Louisville, Kentucky, ikakuta wastani wa maisha ya skuta moja ni kama siku 28. Siku, sio wiki. Na inaeleweka. Zile M365 zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeinunua, anaifunika mvua ikinyesha, analala nayo ndani. Halafu unaipeleka mtaani ipandwe na watu tofauti kutwa nzima, ilale nje, irushwe mtoni na walevi. Chombo cha kukodi hakina mwenyewe, na cha wote hakitunzwi na yeyote.

Deni la pili lilikuwa usiku. Betri za mwanzo zilikuwa hazitoki. Kwa hiyo kila jioni watu walizunguka na magari yao kukusanya skuta, kuzipeleka nyumbani kuzichaji, kisha kuzirudisha alfajiri. Yaani chombo kisichotoa moshi kinafuatwa na gari linalotoa moshi.

Watafiti wa North Carolina State University walijumlisha vyote hivi, tangu kiwandani mpaka mwisho wa maisha, wakachapisha matokeo mwaka 2019 katika jarida la Environmental Research Letters. Walipata gramu 202 za hewa ukaa kwa kila maili ya abiria, sawa na gramu 125 hivi kwa kilomita. Gari dogo binafsi kwa hesabu yao lilikuwa na gramu 414 kwa maili. Basi lenye abiria wengi lilikuwa na 82.

Angalia mgawanyo wa hizo gramu 202. Nusu ilitokana na malighafi na kutengeneza. Asilimia 43 ilitokana na kuzikusanya kwa ajili ya kuchaji. Yaliyobaki yote, pamoja na umeme wenyewe, ni kama asilimia 7. Yaani kile nilichokuwa nakitetea kwa nguvu zote, kwamba inakula umeme kidogo, ni sehemu ndogo kabisa ya hesabu.

Wenye kampuni hawakukaa kimya. Toleo zilizofuata zilikuwa nzito zaidi, zenye fremu imara, na betri ya kuchomoa. Fundi anakuja na baiskeli ya mizigo au gari dogo la umeme, anachomoa betri iliyoisha, anapachika iliyojaa, skuta inabaki palepale. Deni likapungua sana. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayetumia namba za 2019 kuhukumu skuta za leo, mwambie hazifanani.

Lakini hata skuta ikiishi miaka mitano, bado kuna swali lililobaki.

Ungesafirije kama skuta isingekuwepo?

Hili ndilo swali lenyewe. Wataalamu wa usafiri hawaulizi tu chombo kinatoa kiasi gani. Wanauliza kimechukua nafasi ya nini.

Fikiria watu watatu wanaopanda skuta ileile kwa kilomita mbili. Wa kwanza angeendesha gari lake: skuta imeokoa. Wa pili angetembea kwa miguu: skuta imeongeza, kwa sababu miguu haina deni la kiwanda. Wa tatu asingekwenda kabisa, amepanda kwa sababu imemvutia: skuta imeongeza pia. Kwa macho, safari zote tatu zinafanana. Kwenye daftari la kaboni hazifanani hata kidogo.

Wale watafiti wa North Carolina waliuliza watumiaji wa Raleigh. Karibu nusu walisema wangetembea au wangepanda baiskeli. Kama theluthi moja wangetumia gari. Kama mmoja kati ya tisa angepanda basi. Walipoingiza majibu hayo kwenye hesabu zao, katika asilimia 65 ya majaribio ya kompyuta skuta zilikuwa na uchafuzi mkubwa kuliko vyombo zilivyochukua nafasi yake.

Twende Paris sasa. Anne de Bortoli na Zoi Christoforou walichapisha utafiti mwaka 2020. Wakichukulia kwamba kuna watumiaji milioni moja, waliona skuta za kukodi ziliongeza kama tani 13,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Sababu kubwa? Asilimia 60 ya safari zilihama kutoka metro na treni za RER, na asilimia 22 kutoka kutembea na kuendesha baiskeli.

Ukiijua Paris, hili halishangazi. Jiji lenyewe ni dogo, kilomita za mraba 105 tu. Metro ina vituo zaidi ya 300. Ni nadra kuwa zaidi ya mita 500 kutoka kituo. Na metro inatumia umeme, ambao Ufaransa sehemu yake kubwa hutoka kwenye nyuklia, kwa hiyo hewa ukaa yake ni ndogo mno. Isitoshe, treni inaondoka hata wewe usipopanda. Ukishuka kwenye metro ukapanda skuta, metro haipunguzi chochote, na skuta inaanza deni jipya. Kijana wa Paris anayepanda skuta haachi gari nyumbani, kwa sababu mara nyingi gari hana.

Atlanta: waliozima skuta bila kujua wanafanya jaribio

Sasa geuza sarafu. Atlanta, jimbo la Georgia, ni jiji la magari. Mwaka 2019 watu wanne waliokuwa kwenye skuta walifariki kwa ajali. Kuanzia tarehe 9 Agosti mwaka huo, jiji likapiga marufuku skuta kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri.

Hapa ndipo lile la kuzima kutoka mbali linapoingia. Marufuku nyingi za barabarani hazifuatwi vizuri, kwa hiyo mtafiti hajui kama alichopima ni sheria au ukaidi. Hii ilifuatwa karibu moja kwa moja: ikifika saa tatu, skuta zinakufa zenyewe. Ni kama mtu amezima swichi ya jiji zima. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi.

Omar Asensio na wenzake wa Georgia Tech walitumia takwimu za muda wa safari za magari, wakalinganisha kabla na baada ya marufuku. Utafiti wao ulitoka mwaka 2022 katika jarida la Nature Energy. Waligundua kwamba skuta zilipozimwa, safari za magari za usiku ziliongezeka muda kwa asilimia 9 hadi 11. Siku za mechi za mpira wa miguu kwenye Mercedes-Benz Stadium, ongezeko lilifika asilimia 37.

Maana yake ni nini? Kwamba baadhi ya waliokuwa kwenye skuta, walipozimiwa, waliingia kwenye gari. Ama lao, ama la kuita kwa simu. Atlanta, mbadala wa skuta ulikuwa gari. Paris ulikuwa metro. Basi. Huo ndio ufumbuzi wa fumbo lililonisumbua. Utafiti mmoja haupingi mwingine. Kila mmoja umepima jiji lake.

(Kuna tofauti moja ya haki kuisema: Paris walipima hewa ukaa, Atlanta walipima muda barabarani. Sio kipimo kimoja. Lakini vyote viwili vinajibiwa na swali lilelile la mbadala.)

Tairi ndogo, shimo kubwa

Atlanta tumeona watu walikufa. Huwezi kuzungumzia skuta ukaruka usalama, na hapa fizikia inaeleza mengi.

Mimi mwenyewe nilianguka. Ilikuwa kwenye jiji moja la Ulaya nilikokwenda kwa muhula mmoja, mara yangu ya kwanza kupanda, kasi ya kawaida tu. Tairi ya mbele ikaingia kwenye ukingo wa reli ya tramu. Skuta ikasimama, mimi nikaendelea. Nilitoka na kiganja kilichochubuka na aibu. Kumbe sikuwa peke yangu: utafiti uliofanywa Austin, Texas, mwaka 2018 na idara ya afya ya jiji pamoja na CDC ulikuta kwamba mmoja kati ya majeruhi watatu aliumia kwenye safari yake ya kwanza. Karibu nusu waliumia kichwa. Kati ya majeruhi 190, aliyekuwa amevaa helmeti alikuwa mmoja tu.

Kwa nini skuta inagoma kwenye kitu ambacho baiskeli inakipita? Chora duara kubwa na duara dogo, yote yakigusa kijiwe cha sentimita 3. Duara kubwa linakigusa chini kabisa, karibu na ardhi, kwa hiyo linakipanda kama mteremko. Duara dogo linakigusa karibu zaidi na katikati yake, kwa hiyo linakiona kama ukuta.

Unaweza kukokotoa. Tairi ya M365 ina kipenyo cha inchi 8.5, yaani nusu kipenyo ni sentimita 10.8 hivi. Ili ipande kijiwe cha sentimita 3 ikiwa imesimama, unahitaji kuisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wote ulio juu ya tairi hiyo, asilimia 96. Tairi ya baiskeli yenye nusu kipenyo cha sentimita 34 inahitaji asilimia 45. Chini ya nusu. Ongeza kwamba kwenye skuta umesimama wima, uzito wako uko juu na karibu na tairi ya mbele, basi breki ya ghafla inakurusha mbele kirahisi. Ndiyo maana wanaojua hukunja magoti na kurudisha mwili nyuma wanapofunga breki.

Kwa hiyo skuta inadai barabara laini. Sio anasa, ni sharti la chombo.

Na njia ya miguu ni ya nani?

Nadhani, kwa wengi waliopiga kura Paris, hewa ukaa haikuwa kichwani kabisa. Walichokiona kila siku ni skuta imelala katikati ya njia ya watembea kwa miguu, na vijana wawili juu ya ubao mmoja wakipita kwa kasi kando ya bibi kizee. Ukiwa kijana unairuka. Ukiwa na gari la mtoto, au unatembelea kiti cha magurudumu, au huoni na unategemea fimbo, skuta iliyolala ni mtego.

Jiji lilijaribu. Mwaka 2020 lilitoa zabuni, likabakiza kampuni tatu kutoka kwenye lile kundi, kila moja skuta 5,000. Likachora sehemu maalumu za kuegesha. Mwaka 2021, baada ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufariki, likaweka maeneo ambayo skuta zinapunguzwa zenyewe mpaka kilomita 10 kwa saa. Hali iliboreka, lakini hasira ilikuwa imeshajikusanya.

Hapa nampa haki mpiga kura. Faida ya skuta ilikwenda kwa aliyepanda na kwa kampuni, gharama ikamwangukia aliyekuwa anatembea tu. Hakuulizwa mwaka 2018. Alipoulizwa mwaka 2023, alijibu. Na Paris haikuwa ya mwisho: mwaka 2024 Melbourne na Madrid nazo zilisitisha skuta za kukodi.

Lakini kitu kimoja kura haikuuliza: kama tukiziondoa, hizo safari zitahamia wapi? Paris jibu ni zuri, kuna metro na baiskeli. Atlanta jibu ni foleni.

Na sisi tunajifunza nini?

Mtu anaweza kuniuliza: je, tuzilete skuta za kukodi Dar es Salaam au Nairobi? Tumia swali lilelile. Wengi wetu kwenye umbali mfupi tunatembea, tunapanda daladala au matatu, au bodaboda. Mwenye gari lake, katikati ya jua na vumbi, sioni akiliacha apande ubao. Njia za miguu zilizopo ni chache, na tayari zina wauza matunda, pikipiki na magari yaliyoegeshwa. Barabara za ndani zina mashimo ambayo tairi ya inchi 8.5 haiwezi. Kwa hali ya sasa tungepata matatizo ya Paris bila metro yake.

Lakini chukua swali hilohilo ulipeleke kwenye bodaboda ya umeme, uone jibu linavyobadilika. Inachukua nafasi ya nini? Bodaboda ya petroli, moja kwa moja. Inatembea kilomita ngapi? Bodaboda wa mjini anazunguka kutwa, kwa hiyo deni la kiwanda linagawanywa kwenye kilomita nyingi haraka. Nani anaitunza? Dereva mwenyewe, kwa sababu ndiyo ugali wake. Betri inachajiwaje? Kwa kubadilishana kituoni: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, dakika chache umeondoka. Kigali kampuni ya Ampersand imekuwa ikifanya hivyo tangu 2019, na Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za biashara zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Kenya, ambako zaidi ya asilimia 80 ya umeme hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, faida inazidi.

Sisemi bodaboda ya umeme haina matatizo. Bei ya betri, ajali, umeme kukatika, yote yapo na yanastahili makala yao. Nasema tu kwamba imefaulu mtihani ambao skuta ya Paris ilianguka.

Kwa hiyo siku kampuni ikija mjini kwenu na chombo kipya kinachong'aa, imeandikwa ubavuni kwamba haina moshi, usianze na moshi. Anza na maswali matatu:

1. Kitaishi kilomita ngapi kabla hakijatupwa?
2. Kinachukua nafasi ya safari ipi: ya gari, ya basi, au ya miguu?
3. Kitaegeshwa wapi, na nani atapoteza nafasi hiyo?

Kama wenye chombo wana majibu yenye namba, wasikilizeni. Kama hawana, waambieni warudi nayo kwanza. Mimi mwaka 2023 sikuuliza hata moja, na nilikuwa na uhakika kweli kweli.